Nani waliachwa nje ya picha za zamani za makaboi?

Mwalimu, Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasimamia kikundi cha vijana wa skuli ambao hutazama filamu za zamani na kuzijadili. Sasa wameomba picha za makaboi, zile ambazo wazee wetu wa Unguja wakizifuata pale sinema ya Majestic, Vuga. Nimezipitia baadhi yake, na kila mara steringi ni Mzungu, Wahindi Wekundu kazi yao ni kupiga mayowe na kuanguka kutoka kwenye farasi, na mtu mweusi akionekana basi ni mtumishi. Je, ndivyo ilivyokuwa kweli huko Marekani? Na inafaa kuwaonesha vijana?

Mpenda Historia, Mji Mkongwe
Wa alaykum salaam, Mwalimu. Haikuwa hivyo hata kidogo. Ufundi wenyewe wa kuswaga ng'ombe kwa farasi na kuwanasa kwa kamba ulitoka kwa wachungaji wa Meksiko, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865, watu weusi wengi waliotoka utumwani waliingia katika kazi hiyo Texas, hata wanahistoria wengi wakakadiria kuwa kaboi mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Nat Love, mmoja wao, alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1907. Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa Arkansas, alikuja kuwa askari wa serikali kuu na akawakamata wahalifu kwa miaka mingi. Wachina nao, kwa maelfu, walipasua milima ya Sierra Nevada kupitisha reli iliyokamilika mwaka 1869. Walioandika na kugharimia filamu ndio waliowaondoa watu hawa, na tangu mwaka 1934 kanuni za Hollywood zilizotekelezwa kwa ukali zilikataza hata kuonesha mapenzi baina ya weupe na weusi.

Bi Mtazamaji, Chake Chake
Naunga mkono, lakini nisingependa vijana wanyimwe picha hizi, kwa sababu dhuluma yake inaonekana vizuri zaidi mtu anapoitazama kwa makini. Chukua *The Searchers* ya mwongozaji John Ford, ya mwaka 1956. Chifu wa Wakomanchi, kabila mojawapo la Wahindi Wekundu, anachezwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Ujerumani mwenye macho ya buluu, ilhali wanaomzunguka ni Wanavaho, kabila jingine, waliovishwa wawe Wakomanchi, tena katika Monument Valley, ardhi ya Wanavaho wenyewe. Humo mna mwanamke wa Kikomanchi aitwaye Look, ambaye kijana aliyelelewa na Wazungu anampiga teke akabiringika mteremkoni, na mtazamaji anatarajiwa acheke. Baadaye anakutwa ameuawa katika shambulio la wanajeshi, na kicheko kile kinamsuta aliyecheka. Mwalimu, simamisha picha hapo kwenye teke, uwaulize vijana wamecheka kwa nini.

Mpenda Historia, Mji Mkongwe
Nimekuelewa, Bi Mtazamaji, na ushauri wako ni mzuri. Ford huyohuyo alitengeneza *Sergeant Rutledge* mwaka 1960, ambamo Woody Strode ni sajenti mweusi wa wapandafarasi anayesingiziwa kubaka na kuua. Strode anaibeba filamu yote kwa heshima kubwa, lakini jina lililotangulizwa ni la Jeffrey Hunter, aliyecheza luteni Mzungu anayemtetea mahakamani. Hilo linaniuma kila ninapoitazama.

Mwalimu, Wete
Ahsanteni sana. Ipo yoyote ambayo mtu mweusi mwenyewe ndiye aliyeiongoza?

Bi Mtazamaji, Chake Chake
Ipo, Mwalimu. *Buck and the Preacher* ya mwaka 1972, iliyoongozwa na Sidney Poitier, naye akacheza pamoja na Harry Belafonte. Inawahusu watu waliotoka utumwani wanaohamia Magharibi huku wakiwindwa na Wazungu wanaotaka kuwarejesha mashambani. Ningekushauri uioneshe wiki inayofuata baada ya *The Searchers*, wakati vijana bado wanaikumbuka.