Noah yangu ina deni la tochi 240,000 na dereva ni mtoto wa marehemu dada. Nimkate hela yake, au kweli tochi ni mradi wa kukusanya hela?

mama_kiboriloni

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, na tafadhali msinicheke, kichwa kinaniuma.

Nina Noah inapiga Moshi–Arusha. Nimeinunua kwa hela ya kikoba na mitumba yangu, marejesho bado hayajaisha. Anayeiendesha ni mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 26, leseni anayo, pombe hagusi. Juzi nikapata mtu wa kuinunua. Yule baba hata boneti hakufungua. Alitoa simu, akaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe: madeni 8 ya tochi, zile kamera za mkononi za trafiki za kupima mwendo, kila moja elfu 30. Nilivyoona aibu, utadhani nimekamatwa na mali ya wizi. Akapanda bodaboda yake akaenda.

Nimembana kijana. Akanijibu bila hata kupandisha sauti: "Mama mdogo, zile tochi siyo usalama, ni makusanyo. Wanajificha kwenye migomba, wanakupiga picha, wanairusha kwa mwenzao wa mbele. Hakuna dereva asiye nazo." Sita kati ya hizo 8 ni sehemu moja, karibu na shule ya msingi, kibao cha 50. Anakiri mwenyewe alikuwa 68, 71, na mara moja 83.

Nikimkata kwenye hela yake, ukoo utasema namwonea yatima. Nisipomkata, nalipa mimi na mwezi ujao zinakuja nyingine. Lakini kabla ya hapo nataka kujua kitu kimoja: hivi hizi tochi kweli zinapunguza ajali? Kama ni makusanyo tu nitalipa ninyamaze, kama ninavyolipa ushuru wa soko. Kama kijana anakaribia kuniulia mtoto wa watu, hilo ni jambo lingine kabisa.

chuma_mstari

Lipa uendelee na maisha dada. Tochi ni ATM, hakuna cha kujadili hapo.

kipanga_wa_njia_panda

Dada yangu, mimi niko kwenye usukani miaka 19, malori, Dar mpaka Kigali. Kijana wako hajakudanganya yote.

Kuna mahali unakuta kibao cha 50, unapunguza, unapita nyumba, unapita kanisa, nyumba zinaisha, unaingia porini, na kibao cha kumaliza 50 hukioni. Kimegongwa au kimebebwa na wauza vyuma chakavu. Uko porini, mbuzi hayupo, na kisheria bado uko kijijini. Na trafiki mwenye tochi yuko hapo hapo porini, kwenye mteremko, siyo kule penye watoto. Anajua lori lenye mzigo haliwezi kushuka na 50 bila kuchemsha breki. Ukiniambia huyo yuko pale kwa ajili ya usalama wangu nitacheka mpaka nitoke machozi. Mtu anayetaka kuzuia ajali anasimama barabarani aonekane, kwa sababu akionekana kila gari inapunguza. Anayejificha anataka usipunguze.

Ndiyo maana tunawashiana taa. Watu wanasema madereva tunalinda wahalifu. Sawa, lakini nikikuwashia taa, wewe si unapunguza? Kazi ya tochi nimeifanya mimi bure.

Rwanda wao wana kamera za kusimama, wananchi wamezipa jina la Sofia. Haina mwenzake wa mbele, haijui wewe ni nani, ujumbe unaingia kwenye simu. Hata huko watu walilia, hasa zile zilizowekwa 40, malalamiko yakafika kwa Rais Kagame mwenyewe, na mwaka 2021 polisi wakapandisha zile za 40. Ila nakwambia ukweli, ukivuka mpaka pale Rusumo mguu wenyewe unakuwa mwepesi. Mimi huyu huyu, lori lile lile. Upande huu naangalia migomba, upande ule naangalia spidi mita.

mwl_wa_zamu

Kaka kipanga, habari ya mteremko nakubaliana nawe. Ila nafundisha shule iliyo pembeni ya lami (siyo hiyo ya dada, lakini zote zinafanana), naomba nikueleze tunavyoona sisi tulioko upande wa pili wa tochi.

Trafiki akiwepo, tunajua bila kutoka darasani. Akienda kula mchana tunajua pia, kwa mlio wa magari. Kuanzia saa saba na nusu hivi sauti inabadilika, inakuwa ile ya mluzi wa matairi, na bahati mbaya ndiyo saa darasa la kwanza na la pili wanarudi nyumbani. Kwa hiyo ukiniuliza kama tochi inafanya kazi, najibu ndiyo, mpaka saa saba na nusu.

Mwaka jana niliwatoa darasa la sita nje na futi kamba. Gari yenye mwendo wa 80 inakwenda mita 22 kwa sekunde moja. Tukapima mita 22 kutoka kwenye zebra, tukafika kwenye mkaratusi. Nikamwambia mtoto mmoja asimame pale kwenye mti, mwingine asimame kwenye zebra, wengine watazame. Dereva akiinua simu akaangalia nani kampigia, sekunde moja tu, ametoka kwenye mti yuko kwenye zebra, na breki hajagusa. Kwa 50 ni mita 14. Walinyamaza, na darasa la sita huwa halinyamazi.

Dada, 83 mbele ya shule siyo ushuru wa soko.

bonge_la_reading

Salaam kutoka Uingereza. Dada, ugomvi huu huku nao upo, miaka yote. Kati ya 2000 na 2007 kamera nyingi ziliendeshwa kwa mpango ambao sehemu ya faini ilirudi kulipia kamera zenyewe. Basi watu wakasema ndiyo maana zinaota kama uyoga. Mpango ukafutwa 2007. Na kamera za kusimama hupakwa rangi ya njano zionekane toka mbali, kwa hoja ile ile ya kaka kipanga.

Je, zinaokoa watu? Ufaransa walianza kuziweka 2003. Mwaka 2002 barabara zao zilikuwa zimeua watu zaidi ya 7,000, mwaka 2006 wakawa chini ya 5,000. Siyo kamera peke yake, walibana na ulevi na leseni pia, ila huwezi kuniambia kamera hazikuchangia. Na Wafaransa hao hao, kwenye maandamano ya vizibao vya njano 2018 na 2019, wakazichoma na kuzipaka rangi nyingi sana. WHO, shirika la afya duniani, nao wanasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Yaani inaokoa watu na inaingiza hela, vyote viwili. Sijui kwa nini tunadhani lazima tuchague.

Ila kilichonigusa kwenye habari yako ni kingine. Huku barua inakuja kwa mwenye gari, na sheria inanilazimisha nimtaje aliyekuwa anaendesha. Nisipomtaja, kosa langu ni kubwa kuliko la mwendo. Anayetajwa anakula pointi 3 kwenye leseni yake, zikifika 12 anasimamishwa kuendesha. Au kama hakuzidisha sana anapelekwa darasani masaa machache kwa hela yake. Mimi nimekaa hilo darasa, kwa aibu kabisa, na mzee wa miaka sabini pembeni yangu. Huko nyumbani deni linakaa kwenye namba ya gari. Kijana wako amepigwa mara nane na hajahisi hata mara moja. Uliyehisi ni wewe, mbele ya mnunuzi.

deiwaka_mstaafu

Mama Kiboriloni, shikamoo. Nina maswali mawili tu. Hesabu unamdai shilingi ngapi kwa siku? Na ukifungua yale madeni, saa zake ni za asubuhi au jioni?

mama_kiboriloni

Marahaba mwanangu. Hesabu ni elfu 60, mafuta juu yake, kinachobaki ndiyo chake na konda.

Subiri nifungue hiyo ya saa.

chuma_mstari

Deiwaka unataka kufanya mama awe mtuhumiwa 😂

deiwaka_mstaafu

Siyo mtuhumiwa. Nimeendesha Hiace za watu miaka 11. Saa kumi jioni ukiwa na elfu 35 mkononi, na bosi anataka 60, hakuna kibao unachokiona. Unahesabu vichwa vilivyosimama stendi na gari iliyo mbele yako inayokwenda kuvichukua. Ukifika wa pili umekwisha. Bosi wangu alikuwa mlokole, kila asubuhi ananiombea safari njema, na kila jioni ananiuliza "pungufu imetoka wapi?"

mama_kiboriloni

Nimerudi. Sikulala vizuri.

Kati ya 8, moja ni asubuhi, moja mchana. Sita zote ni kuanzia saa kumi na robo jioni mpaka saa kumi na mbili. Nikachukua daftari langu la hesabu, maana mimi naandika kila kitu. Siku nne kati ya hizo sita aliniletea 60 kamili. Nakumbuka moja nilimsifia mbele ya majirani.

Nimemwita asubuhi hii kabla hajatoka. Nikamwonyesha tarehe kwenye simu na tarehe kwenye daftari. Akaangalia muda mrefu. Akasema, "Mama mdogo, mimi nilijua ungeuliza za tochi, sikujua ungeuliza za daftari."

Nimeshusha hesabu iwe 50. Madeni tunagawana, yeye elfu 80, anakatwa kidogo kidogo, na ile ya 83 ni ya kwake peke yake, iko ndani ya hizo 80. Ukoo ukiuliza nitawaonyesha daftari. Zikija mpya zote zake, na ikifika ya tatu funguo narudishiwa.

kipanga_wa_njia_panda

Uamuzi wa kiume huo dada. Ila kibao cha kumaliza 50 bado kinatafutwa.

mwl_wa_zamu

Kaka kipanga, cha kumaliza nitakusaidia kutafuta. Sisi hata cha kuanza kimelala kwenye mtaro toka mvua za Aprili. Tumemwandikia mwenyekiti wa kijiji mara mbili.

Dada, 50 kwa siku itakutosha marejesho?

mama_kiboriloni

Haitoshi mwalimu. Nitaongeza siku moja ya mnada, Jumapili baada ya misa.

Kesho napanda naye mpaka Arusha na kurudi, siti ya mbele. Nataka nione hiyo migomba.

deiwaka_mstaafu

Funga mkanda mama. Huo nao ni elfu 30.