Yamato na Iowa zikikutana ana kwa ana, ipi inazama?

Kijana_wa_Mwanjelwa
Wakuu kamwene, wa Mbeya wenzangu ndaga. Naombeni mmalize ubishi wa hapa geto maana umefika pabaya. Tunacheza World of Warships, gemu la manowari, mi natumia Iowa ya Marekani mwana wangu anatumia Yamato ya Japani, tukikutana ananitoboa tu, hata nikimgeuzia pua ya meli kabisa kombora linapita, nikimwambia kwenye vita halisi Iowa ndo ilikuwa kali ananicheka eti mizinga yenye mdomo wa milimita 460 kwa 406 hapo hamna mjadala. Ukiacha gemu ipi ilikuwa na uwezo zaidi? Na kwa nini Yamato ipo levo ya 10 Iowa ya 9? Ushabiki wa Japani na Marekani wekeni pembeni, nataka hoja.

Kitonga_Mpaka_Juu
Yamato. Uzi ufungwe.

Fundi_Kihesa
Haufungwi mkuu 😂 Dogo, kwa karatasi huyo mwenzako yuko sawa. Yamato tani kama elfu 72 ikiwa imejaa, chuma cha ubavuni milimita 410, kombora lake moja kilo 1,460 yaani ni kama wanakurushia Noah. Iowa ubavu milimita 307, kombora kilo 1,225. Sasa shida inaanzia kwenye kulenga. Mizinga ya Yamato inafika kilometa 42, sawa, ila kwenye historia yote manowari kuipata meli inayotembea rekodi ni kilometa 24 hivi, Warspite ya Waingereza ilivyoipata Giulio Cesare ya Waitaliano Julai 1940, kwa hiyo hizo zilizobaki ni za kujisifia. Iowa ilikuwa na rada ya kulengea imeunganishwa na mashine inayopiga hesabu muda wote, giza, mvua, moshi, yenyewe inaendelea kushusha tu, wakati Yamato rada ilikuwa nayo lakini kwenye kulenga ilitegemea zaidi darubini. Halafu mbio, Iowa inafika kama kilometa 61 kwa saa, Yamato 50. Mwenye mbio ndo anaamua mpigane umbali gani na muondoke saa ngapi.
Mfano upo. Kisiwa cha Guadalcanal kule Pasifiki, usiku wa kuamkia 15 Novemba 1942, manowari Kirishima ya Wajapani imekazana kuichapa South Dakota ya Wamarekani ambayo umeme wake umesumbua, haijui kama Washington, nayo manowari ya Wamarekani, iko hapo gizani imetulia inaisoma kwenye rada. Washington ikafungulia kutoka kama kilometa 8, dakika chache tu Kirishima hoi.

Kitonga_Mpaka_Juu
Kirishima kitu cha 1915 hicho, mizinga ya 356, unalinganishaje na Yamato? Mi nasema mchana kweupe, kilometa 20, wawili tu, hela yangu yote kwa Yamato.

Fundi_Kihesa
Kaka hapo nakubali hata mi Iowa singeipeleka, ila huo mchana kweupe wa wawili tu nani angewapa? Musashi pacha wa Yamato imezamishwa na ndege 24 Oktoba 1944, Yamato yenyewe ndege 7 Aprili 1945 na watu kama 3,000 wakaenda nayo. Mara moja tu ndo ilipata nafasi ya kufyatulia meli, 25 Oktoba 1944 kule Samar, Ufilipino, ikaanza kukwepa topido (makombora yanayopita chini ya maji) ikakimbilia kaskazini mpaka ikajikuta iko nje ya shughuli.

Uyole_Gemaz
Mleta mada turudi kwenye gemu. Unatobolewa kwa sababu ya hesabu: ukubwa wa mzinga gawanya kwa 14.3, jibu likizidi unene wa bati kombora haliteleizi hata ukae kona gani. 460 inakupa 32 na ushee, pua ya Iowa ni milimita 32. Mizinga yako ya 406 inaishia 28. Basi. Jamaa hakuzidi akili, kakuzidi milimita.
Levo nazo usizichukulie kama cheti cha historia. Kule juu kwa Wamarekani wameweka Montana yenye mizinga 12, meli iliyofutwa 1943 hata haijajengwa, ndo maana Iowa ikakaa 9. Na Bismarck, manowari ya Wajerumani, je? Mei 1941 vindege vya mabawa mawili vimeigonga topido, usukani ukakwama, kesho yake manowari za Waingereza King George V na Rodney zikaimaliza. Kwenye gemu usukani ukigongwa unabonyeza kitufe, sekunde chache unaendelea na safari. Wangeweka kama ilivyokuwa nani angelipia Bismarck?

Nyasa_Kwetu
Mnahangaika na Pasifiki wakati hapa Ziwa Nyasa kwetu kuna stori tamu kuliko hizo. 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen imeenda Sphinxhaven, Liuli ya sasa, ikaikuta Hermann von Wissmann ya Wajerumani imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Kapteni Mjerumani hana habari kama vita imeanza, na Rhoades, kapteni wa Gwendolen, alikuwa mshkaji wake wa kunywa naye, kasikia mzinga akaja na kimtumbwi anafoka kwamba mwenzie kalewa au vipi. Akakamatwa hapohapo. Sasa hapo milimita zilisaidia nini? Habari ilimfikia mmoja kwanza. Na Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani, kule delta ya Rufiji Julai 1915 ilijificha nyuma ya mikoko, Waingereza wakaweka ndege juu inawaambia makombora yanaangukia wapi, kwisha.

Kijana_wa_Mwanjelwa
Shukrani sana wakuu, hiyo ya Liuli sikuwahi kuisikia. @Uyole_Gemaz sasa mi nifanyeje na 28 zangu?

Uyole_Gemaz
Acha kumpelekea pua. Minara yake ya mizinga inageuka kivivu na anaonekana kutoka mbali kuliko wewe, kwa hiyo kaa mbali asikuone, subiri afyatulie mtu mwingine ndo umpige, ukishapiga hama. Akijigeuza kidogo lenga mashavuni, yaani ubavu wa mbele chini ya mnara wa pili, pale pana udhaifu. Na bando likiwa linasuasua usiingie kabisa, utaganda umempa ubavu.

Kijana_wa_Mwanjelwa
Mashavuni imekubali aisee, kazima mara mbili leo. Ila kahamia Bismarck, anajifanya kuja karibu kabisa na vile vimizinga vya pembeni vinanichoma moto muda wote. Hii nayo inatulizwaje?