KASHA LIMEPASUKA? Ndugu zangu wa Dodoma, msinunue nyongeza ya waranti ya gari!

Mzee wa Ihumwa:
Wakuu, kabla hamjaniuliza nimekunywa nini, sijanywa kitu. Hata maji hayapiti. Nimetoka pale yadi saa mbili zilizopita na mikono bado inatetemeka, naandika kwa kidole kimoja.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Kila aliyewahi kununua gari mji huu anamjua yule jamaa anayekuita "bosi wangu" mpaka siku unayomaliza kulipa, kuanzia hapo unakuwa "wewe mzee".

Leo mtu huyo kanitazama usoni, nyama iko mdomoni, akaniuliza: "Kasha limepasuka?"

Ngoja nianze mwanzo. Hapana, ngoja kwanza nirudie: KASHA LIMEPASUKA?

Mwezi wa tano nilichukua gari kwake, ya 2011, yenye giaboksi ya CVT, inang'aa. Ilikuja na waranti ya miezi 3. Siku ya kukabidhiwa funguo akanikalisha kwenye kiti cha ngozi, akaniletea soda ya baridi, akasema bosi wangu, miezi 3 ni michache, ongeza laki 8 na nusu tu waranti ifike mwaka mzima, injini na giaboksi, ulale usingizi. Niliomba muda. Wiki nzima nalala na hesabu hiyo, naamka nayo. Laki 8 na nusu ni ada ya mtoto, jamani. Mama watoto akasema, baba Neema, giaboksi ikifa hizo milioni 3 tutazitoa wapi? Nikalipa. Nikapewa karatasi nene yenye muhuri mwekundu na nembo ya dhahabu, nzuri kuliko cheti changu cha ndoa.

Leo asubuhi natoka Kibaigwa na mama mkwe, namleta mjini kliniki ya macho. Gari ikaanza kuvuma kama mashine ya kusaga. Nakanyaga mafuta, mshale wa raundi unapanda, gari haiendi. Trekta la mahindi likatupita. Baiskeli ikatupita. Mbuzi wakatupita, na mmoja aligeuka kututazama! Mwisho ikagoma kabisa. Kenta ya kutupakia mpaka mjini: laki 3 na nusu.

Kwa fundi sikwenda, maana karatasi inasema akiigusa fundi mwingine waranti imekufa. Nikaenda yadi moja kwa moja, gari juu ya kenta, mama mkwe kiti cha mbele. Jamaa katoka na sahani ya mishkaki. Shikamoo hakumpa mama wa watu! Akapanda, akainama, akaigonga giaboksi kwa kijiti cha mshikaki. Ko, ko, ko. "Inavuja? Haivuji. Kasha limepasuka?"

Nikasema halijapasuka, ila gari haitembei. Akasema: "Waranti yetu ni ya giaboksi, na giaboksi ndiyo hili kasha. Vya ndani ni vitu vya kuchakaa, kama tairi."

Yaani umeuziwa yai, umekuta limeoza, unaambiwa mbona ganda zima!

Akaichukua karatasi yangu ya laki 8 na nusu, akaitandika kwenye boneti, AKAWEKA SAHANI JUU YAKE. Mafuta ya nyama yakaloa mpaka kwenye muhuri. Halafu akasema, "Ila bosi wangu" (bosi amerudi!) "kuna ile ya miaka 2 inayoingia mpaka ndani. Milioni 1 na laki 4. Nikuandikie?"

Gari imekufa. Iko juu ya kenta. Na mtu ananiuzia waranti nyingine.

Mama mkwe akanigeukia taratibu: "Baba, kwani ulinunua sanduku?"

Wakuu, wewe unayejiuliza uongeze waranti au usiongeze, usiongeze! Usiongeze hata akikuwekea soda kreti nzima! Kasha limepasuka... mbele ya mama mkwe!

Zabibu Mbichi:
Pole sana mkuu. Ila swali la msingi, kasha limepasuka?

Kijana wa Nkuhungu:
Mimi nimekwama kwa yule mbuzi aliyegeuka.

Fundi Oili:
Tuache utani kidogo. CVT haina gia za kupanda moja, mbili, tatu kama mlivyozoea. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, puli zinatanuka na kubana ndipo mwendo unabadilika. Mkanda ukianza kuteleza, injini inapiga kelele na gari inabaki pale pale, ndicho kilichomkuta mzee. Kasha ni aluminiamu tupu, miaka 30 lipo tu. Kwa hiyo kauziwa waranti ya kitu kisichokufa. Mzee, oili ya giaboksi ulibadilishia wapi? Maana hapa mjini wanawamwagia haidroliki nyekundu ya kawaida badala ya oili ya CVT, na hiyo ni sumu kwake.

Mzee wa Ihumwa:
SIJABADILISHA! Karatasi imenikataza kugusa! Sikugusa mimi, hakugusa yeye, kaja kugusa leo kwa kijiti cha mshikaki!

Binti Makole:
Baba yangu, nyuma ya karatasi ulisoma?

Mzee wa Ihumwa:
Nyuma kuna maandishi ukubwa wa sisimizi, Kiingereza kitupu. Nyie mnasoma nyuma ya karatasi? Na sasa hivi hata nikitaka hayasomeki, yameloa mafuta.

Karani Mstaafu:
Mdogo wangu, ngoja nikuambie bila kukupaka mafuta. Toyota wenyewe kule Japani gari mpya wanaipa waranti ya miaka 3 au kilomita 60,000, injini na giaboksi miaka 5 au kilomita 100,000. Aliyeitengeneza anakaa kando mwaka wa tano, wewe ukamwamini mtu wa yadi mwaka wa kumi na nne? TRA nao ukiingiza nchini gari iliyopita miaka 8 wanakutoza ushuru wa uchakavu. Serikali imekuandikia kwenye risiti kwamba gari imechakaa, wewe unaitafutia waranti. Hizo laki 8 na nusu ungeweka benki ukaita mfuko wa giaboksi.

Mzee wa Ihumwa:
Kaka nashukuru, lakini hukuwepo. Hukumwona anavyotafuna.

IST Daima:
Nunua IST.

Mama Chuma wa Area C:
Bora wewe umegongewa kasha. Mimi nimekata bima kubwa, asilimia 3.5 ya thamani ya gari, sijachelewa hata siku moja. Gari ikachemka njia ya Mtera, silinda hedi ikapinda. Naenda kudai naambiwa mama, bima ni ya ajali, moto na wizi, kuchemka haimo. Nikamuuliza yule dada, kwa hiyo nilitakiwa nigonge mbuyu kwanza? Akaendelea kuchati. Mnamjua yule dada.

Zabibu Mbichi:
Mwenye kucha ndefu? Namjua!! Kanizungusha wiki tatu kwa kioo cha mbele.

Mama Chuma wa Area C:
Huyo huyo!

Mgogo Halisi:
Mbukwa wakuu. Mimi friji. Waranti ya miaka 2, imekufa mwezi wa nne. Wananiambia umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, na waranti haihusu umeme. Sasa friji inatumia nini, kuni?

Wakili wa Mtaani:
Mzee wa Ihumwa, usikate tamaa. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. Andika malalamiko, ambatisha karatasi na mafuta yake, huo ndio ushahidi. Ile laki 8 na nusu ulipewa risiti ya EFD, ile ya mashine?

Mzee wa Ihumwa:
Aliniandikia kwa mkono. Kwenye kikaratasi cha kuosha gari.

Wakili wa Mtaani:
Haya, usiku mwema.

Fundi Oili:
Mzee, gari ilete kwangu Chang'ombe, tuifungue tuone. Inaweza kuwa valvu bodi tu, ile inayogawa oili ndani ya giaboksi, mkanda ukawa mzima. Na usiburute kwa kamba matairi yake yakiwa chini, utaimaliza.

Mzee wa Ihumwa:
Bado iko juu ya kenta. Dereva anasema kila saa elfu 20. Mama mkwe amekataa kushuka, anasema anailinda. Kliniki imefungwa. Wakuu, mimi nikikumbuka ile ko ko ko...

Kijana wa Nkuhungu:
Samahani kama natoka nje ya mada. Hiyo mishkaki alinunua wapi? Maana maeneo ya yadi zile sijaona mtu wa nyama.

Binti Makole:
Itakuwa kaagiza Majengo. Bado wanauza 500.

IST Daima:
500 ipi, ile nyama kama ukucha? Unatafuna kutoka Majengo mpaka Kisasa haijalainika.

Mgogo Halisi:
Nzuguni ndiyo wanajua kuchoma, ila sasa hivi 1,000, na kachumbari unalipia.

Mama Chuma wa Area C:
Kachumbari kulipia imeanza lini Dodoma hii?

Zabibu Mbichi:
Yule wa Nzuguni msimtaje mbele yangu! Mnamjua, sina haja ya kusema jina. Juzi nimelipia vijiti 5, kimoja kimejaa vitunguu na hoho mwanzo mpaka mwisho. Namrudishia, ananiambia nyama ilikuwepo, imesinyaa. IMESINYAA! Ngoja niweke simu kwenye chaji, namfungulia uzi wake.