Tupeane uzoefu: homa za mbu, viroboto na mbwa huku kwetu Tanga

Mzee wa Makorora: Wakuu, jana nimekuta dogo kalala barazani mchana kweupe mbu wanamla miguu, nikakumbuka dengue ya 2019. Homa ile jamani! Nikapima malaria hamna, nikaambiwa ni UTI, nikameza madawa wee, macho yanauma kwa nyuma, viungo kama nimetwangwa kinuni. Kupima tena ndo ikaonekana dengue. Yule mbu ana madoa meupe miguuni, anang'ata mchana, sasa neti ya usiku utafanyaje? Leteni na zenu.

Binti Chumbageni: Hapo kwenye macho umenikumbusha mbali, sitaki hata kusikia.

Fundi Baiskeli: Chemsha majani ya mpapai kaka, kikombe asubuhi na jioni.

Nesi Mstaafu: Maji kunywa kwa wingi, homa panadol. Ibuprofen na aspirin msiguse, dengue inaweza kuleta kutoka damu. Na vifuu na matairi yenye maji hapo uani mwage, ndo wanakozaliwa.

Msambaa Original: Nyie wa pwani mna mbu tu. Sisi Lushoto kuanzia 1980 tumeishi na tauni. Ukiona panya wanakufa wenyewe ndani unahama nyumba, maana panya akifa viroboto wanatafuta wa kumng'ata na wewe ndo upo. Wale bakteria wanamziba kiroboto koo, damu haipiti, basi ana njaa muda wote, anang'ata huku anakutapikia. Mitoki inavimba kinenani huwezi hata kutembea.

Mla Madafu: Mmesahau mabusha, ila yale ni madafu.

Nesi Mstaafu: Madafu hayana kosa mwanangu. Mabusha na matende ni mbu, anakuachia viminyoo, tena ung'atwe sana, kwa muda mrefu. Hukuona wanakuja kutoboa watu vidole usiku? Vile viminyoo vinatembea kwenye damu usiku.

Mla Madafu: Babu yangu hakung'atwa na mbu alikunywa madafu, na alikuwa nalo.

Binti Chumbageni: Babu yako aliishi Tanga hii hii bila kung'atwa na mbu?? 😂

Mama Pangani: Mnacheka. Jirani yetu mvuvi aling'atwa kisigino na mbwa koko, akapaka majivu, kidonda kikapona, tukasahau, miezi ikapita. Siku hiyo anasema pale kisiginoni panawasha halafu pana ganzi. Kesho yake homa, mkewe kampa maji ameze dawa, koo likakaba, akarusha kikombe ukutani. Mtu kakulia baharini anaogopa maji! Ukimpepea anashtuka mwili mzima. Wakasema kachezewa, mganga akaletwa, akafukizwa huku anapiga kelele mtaa mzima hatulali. Tulipomfikisha hospitali daktari aliuliza kitu kimoja tu, kuna mbwa alimng'ata? Mkewe akakaa chini palepale. Tukaelezwa ni kichaa cha mbwa, kirusi kinapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, ndo maana kinachelewa, na dalili zikishaanza ndo basi tena. Hakutoka.

Fundi Baiskeli: Innalillahi.

Mwana wa Kitaa: Mama samahani ila hiyo ni mkono wa mtu, mbwa hakai miezi.

Mama Pangani: Nimemuona kwa macho yangu, wewe unanifundisha nini?

Msambaa Original: Dogo acha ubishi, watu wamezika.

Nesi Mstaafu: Poleni mama. Wengine wote: mbwa aking'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 bila kuchoka, kisha sindano siku hiyohiyo na umalize dozi zote.

Fundi Baiskeli: Sindano yenyewe unaambiwa imeisha, nenda mjini. Nauli hiyo, na bei yake unaijua?

Binti Chumbageni: Na paka je? Ninao wanne, mmoja ananiparura kila siku.

Nesi Mstaafu: Paka naye anapata, wachanjwe.

Mla Madafu: Mi mbwa wangu hajawahi kuona sindano. Bwana mifugo wa Ngamiani mwenye namba yake anitumie inbox.