Naomba ushauri: haki ya mtu juu ya mwili wake inakomea wapi?

Ndugu zangu, naombeni ushauri katika jambo linalonisumbua sana. Kifungu cha 4 cha Tamko la Haki za Binadamu na Raia, lililotolewa Ufaransa mwaka 1789, kinaeleza kwamba uhuru ni kuweza kufanya lolote lisilomdhuru mwingine, na mwanafalsafa Ruwen Ogien alikwenda mbali zaidi aliposhikilia kwamba yale anayojifanyia mtu mwenyewe hayana uzito wowote wa kimaadili. Nimeuunga mkono msimamo huo kwa muda mrefu, kwa sababu nimeona watu wakionewa kwa kisingizio cha kulindwa.

Sasa kaka yangu, mtu mzima mwenye akili timamu, ameacha dawa za shinikizo la damu. Vidonge vimo mezani, pakiti haijafunguliwa, na kila nikigusia suala hilo hunijibu kwa upole kwamba mwili ni wake. Naamini ana haki ya kukataa tiba. Hata hivyo, akipatwa na kiharusi, atakayemgeuza kitandani ni mkewe, na watakaokosa matunzo ni watoto wake wadogo. Je, hayo ni madhara kwa wengine, au tukihesabu kila huzuni ya familia kuwa madhara hakutabaki uhuru wowote?

Shemeji anataka tumtilie dawa kwenye chakula kwa siri; nimekataa katakata, kwani huko ni kumnyang'anya uamuzi wake. Lakini kunyamaza nako kumenishinda. Nimsihi na kumbana kwa kiasi gani bila kuvunja haki yake?