Kozi ya kupanga maua isiyo na ua hata moja freshi: tumetozwa laki nne na nusu, tukafanywa vibarua

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, sioni sababu ya kuificha.

Kuna hivi vyuo vya mapambo hapa Dar vinavyotangaza kozi ya kupanga maua. Kwenye picha za tangazo ni waridi nyeupe zenye matone ya maji, shada la bibi harusi linaninginia majani mabichi, mwalimu katabasamu na mkasi mkononi. Nimesoma kwenye kimojawapo. Ada laki nne na nusu, fomu elfu ishirini, halafu elfu themanini ya "vifaa" ambayo haikutajwa mpaka umeshalipa ada. Risiti ya EFD hakuna, unaandikiwa kwenye kitabu cha kununua dukani. Na tangu tulipofungua hadi siku ya vyeti, hakuna mwanafunzi aliyewekewa ua freshi mkononi. Hata moja.

Tulichofundishwa ni kuchomeka maua ya plastiki ya Kariakoo kwenye sponji kavu na kubandika kwa gundi ya moto. Sina ugomvi na maua ya plastiki, watu wanasomesha watoto kwa kazi hiyo na wengine wanaifanya vizuri sana. Basi wangeandika hivyo kwenye tangazo. Ua la plastiki halina kiu. Halinyauki saa nane mchana wakati bibi harusi bado yuko saluni. Kufundisha kupanga maua kwa plastiki ni kumfundisha mtu kuogelea juu ya mkeka. Tulipouliza freshi tunaanza lini, madam akajibu hiyo ni hatua ya pili na ina ada yake, laki sita.

Nieleze kwa nini jambo hili si dogo, maana najua kuna watu wanadhani maua ni kuyapachika tu yakapendeza. Waridi nyingi tunazouziwa Dar zimelimwa Arusha na Kilimanjaro. Mpaka zikufikie zimekatwa, zimelazwa kwenye boksi, zimesafiri barabarani na zina kiu kali. Ukizitoa kwenye boksi ukazipeleka moja kwa moja meza kuu, vichwa vinaanza kuinama wageni hawajakaa. Inabidi kwanza uondoe majani yote yatakayozama, kwa sababu jani likiozea majini linazalisha bakteria, na hao bakteria ndio wanaoziba mirija ya shina. Unakata shina upya kwa mshazari, sentimita mbili au tatu, kwa kisu chenye makali, kwa kuwa mkasi butu unaponda mirija ileile unayotaka inywe maji. Ndoo iwe safi kama ya kunywea. Maji mengi, kivulini, saa kadhaa, ndipo ulishike tena. Na ndoo hiyo usiiweke karibu na ndizi wala maembe yanayoiva, kwa sababu matunda yanatoa gesi ya ethilini inayozeesha maua, na karnesheni ndizo zinazoumia haraka.

Haya hakunifundisha madam. Nimefundishwa na kaka mmoja muuza maua, anauzia kando ya barabara, tena huku akihudumia wateja. Hajanidai hata mia. Nikimuuliza swali ananipa shina nikate mwenyewe, nikikosea ananionyesha pale pale. Huyo ndiye mwalimu. Hana ukumbi, hana bango, hana kurasa zenye wafuasi laki.

Tuje kwenye ile sponji ya kijani. Aliyeibuni ni Vernon Smithers wa Ohio, Marekani, mwaka 1954, na kazi yake kubwa ni kushika maji ili shina liendelee kunywa. Unaiweka juu ya maji kwenye beseni, unaiacha izame yenyewe polepole. Ukiikandamiza kwa mkono hewa inabaki katikati, na ua litakaloangukia hapo linakufa kwa kiu ndani ya sponji iliyolowa nje. Sisi hatukuwahi kuiona ikiloweshwa. Tuliikata kavu kwenye chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi, vumbi la kijani limejaa puani na kwenye kope. Ile ni plastiki inayotokana na fenoli na formaldehaidi. Hakuna barakoa, hakuna glavu, hakuna aliyetuambia neno. Mwenzetu mwenye pumu alikohoa mpaka akatoka nje akakaa chini ukutani, na akaambiwa atazoea. Atazoea! Jioni mabaki yakafagiliwa yakamwagwa mtaroni.

Royal Horticultural Society, chama cha bustani cha Uingereza, iliipiga marufuku sponji hiyo kwenye maonyesho yake yote kuanzia 2021, pamoja na yale makubwa ya Chelsea, kwa kuwa haiozi na inabaki ardhini na majini vipande vipande. Waya wa kuku ukikunjwa ndani ya chombo unashika mashina vizuri, na unaosha unatumia tena. Wajapani wana kenzan, kibao kizito chenye sindano nyingi zilizosimama, unachomeka shina juu yake ndani ya maji. Shule ya Sogetsu, iliyoanzishwa kule Japani mwaka 1927, humwanzisha mwanafunzi na mashina matatu tu: la kwanza refu limelala kidogo, la pili limelala nyuzi 45, la tatu nyuzi 75. Unarudia hayo matatu mpaka jicho lako lijue kuacha nafasi. Mashina matatu kwa kila mwanafunzi! Chuo kilichochukua laki nne na nusu kwa kila kichwa kilishindwa hilo?

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni kile walichokiita fildi. Kila Ijumaa na Jumamosi tulipelekwa kumbini kwenye sherehe za wateja wa mwenye chuo, sendofu, kicheni pati, harusi. Nauli juu yako, chakula juu yako. Kufika huko unabeba mazulia, unapanda ngazi kufunga vitambaa, unavisha viti makoti, mia tatu, mia nne. Mteja kalipa mamilioni kwa kupambiwa, na wapambaji ni sisi tuliolipa ada. Na hapo ndipo freshi zilikuwepo, wakuu! Ndoo zimejaa waridi na maua ya yungiyungi, na sisi tumekatazwa kuzisogelea kwa sababu "ni za mteja, mtaziharibu". Shada alilitengeneza madam mwenyewe, kajifungia chumba cha nyuma. Aliyevunja chombo cha kioo alilipishwa. Usiku mmoja tulimaliza kubomoa mapambo saa saba, gari la chuo likaondoka na vyombo, wasichana tukaachwa getini tutafute bodaboda. Kama kuna mzazi anayesoma hapa na binti yake yuko kwenye kozi za namna hii, amuulize fildi inaisha saa ngapi na anarudi na nani.

Darasani kwetu kulikuwa na dada aliyelipa kwa pesa yake ya mchezo, zamu aliyoisubiri mwaka mzima. Leo ana cheti chenye rangi ya dhahabu. Wiki iliyopita kapata kazi ya shada, kanipigia analia, waridi zimemnyaukia mkononi na hajui kwa nini.

Jambo jingine. Mwenzetu mmoja kutoka Unguja aliomba siku moja atuonyeshe kutunga kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia. Madam akasema hayo ni mambo ya bibi zetu, soko la sasa halitaki. Nilikasirika mpaka leo. Pwani yetu ina watu wanaojua maua kuliko hivyo vyuo vyote: wanachuma vitumba vya asumini jioni kabla havijafunguka, wanavitunga kwa sindano na uzi ili vichanue usiku bibi harusi akiwa amevaa, wanafunga na mrehani, waridi, kilua wakikipata. Wanajua saa ya kuchuma, wanajua ua lipi litatoa harufu lini. Kuyaita hayo ya kizamani kwenye chumba chenye maua ya plastiki ni dharau, na nilimwambia hivyo mbele ya darasa.

NYONGEZA: Naona walioanza kuniambia "ungeuliza kabla ya kulipa". Niliuliza. Nina meseji inayosema "vitendo kwa maua asilia, kila mwanafunzi na meza yake". Wanaosema laki nne ni hela ndogo, wamlipe yule dada wa mchezo. Jina la chuo silitaji hapa kwa sasa, madai yetu bado yanaendelea. Wanaotaka kusoma kwingine, ulizeni usajili NACTVET kwanza, lile baraza la serikali la elimu ya ufundi, halafu ombeni kukaa somo moja mwone ndoo ya maji iko wapi.

Tuliokubaliana kudai tumeandika barua ya pamoja, tumeambatanisha tangazo na zile meseji. Tunadai ada irudi yote na tulipwe kazi za kumbini. Barua imepelekwa kwa mkono na imesainiwa kupokelewa. Wasipojibu tunakwenda Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kwa matangazo. Aliyesoma mikupuo iliyopita na bado ana risiti ya kitabu au picha za fildi, aje PM tuunganishe.