Raundi tano za intavyuu, mwisho naambiwa niangalie PRINTA!!!

Wakuu, naandika nikiwa kituoni Makumbusho, mikono inatetemeka kwa hasira.

Kampuni yenyewe mnaijua. Lile jengo la vioo. Sitaji.

Raundi ya kwanza mtihani wa mtandaoni, dakika 90, kamera inanikodolea kama askari magereza. Ya pili wakanipa kazi ya kufanya nyumbani: niwaundie mfumo mzima wa malipo ya USSD, ile ya kubonyeza nyota na reli kwenye simu, bando langu, umeme wangu. Ya tatu nikasimamishwa ubaoni na makapeni, nigeuze mti wa data, tawi la kushoto liende kulia. Ya nne hata siikumbuki.

Leo ndiyo ya tano. Koti nimeazima kwa shemeji. Niko katikati naeleza jinsi ya kumlinda mteja asikatwe hela mara mbili mtandao ukiyumba, kwamba kila muamala uwe na namba yake, ikirudi tena mfumo uikatae. Mkubwa wao akanyoosha mkono: "Kijana, wewe si mtu wa IT? Hebu tuangalizie hiyo printa kwanza."

PRINTA, wakuu!

Nikapiga magoti na koti la watu. Karatasi imenasa, nikaivuta. Printa ikakohoa, ikatema barua ya ajira. Nafasi ileile niliyoombea. Jina si langu! Nimeichapisha kwa mikono yangu! "Asante, tutakupigia."

Mikono yangu hii hii!

Mla_Mihogo: Pole mkuu. Printa imepona lakini?

Mleta uzi: Imepona! Ndicho kinachoniuma!

Kijana wa Kodi: Printa siyo kesi. Kesi ni raundi ya pili. Mfumo wako wameshauchukua bure, utausikia uko hewani.

Bi Seva: Huo mti usikuumize. Max Howell aliyeunda Homebrew, ile programu ya kusakinishia programu nyingine kwenye kompyuta za Mac, aliandika Twitter mwaka 2015 kuwa Google walimkataa kwa sababu hiyo hiyo ya kushindwa kugeuza mti ubaoni, na wahandisi wao wanatumia programu yake.

Mla_Mihogo: Howell ana Homebrew, huyu ana printa. Aache kulia.

Mleta uzi: Ningekuwa na printa nisingeazima koti!

Dada Tabata: Afadhali yako wewe ni siku moja. Mama mwenye nyumba wangu tangu ajue nimesomea kompyuta, king'amuzi kikizingua nagongewa mlango saa tano usiku. Juzi kaniletea pasi.

Kijana wa Kodi: Dada, changu kinaandika hakuna mawimbi tangu mvua zianze. Shida nini?

Dada Tabata: Waya wa kwenye dishi umeingia maji. Fungua, ukaushe, kaza.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye printa.

Kijana wa Kodi: Dishi liko juu ya bati. Nani ana ngazi maeneo ya Segerea?